Saa Chache kwenye Mita: Kupokea Lori na Jenereta Vilivyotoka Jeshini

Karibu kila mteja anayeniletea jenereta iliyouzwa na jeshi huanza kwa kunionyesha mita ya saa. "Fundi, hii imefanya kazi saa 200 tu," husema, akitarajia nimpongeze. Mimi huwa nimeshainama kutazama mipira ya mafuta, kwa sababu katika miaka yangu ya kufungua mashine hizi nimeona kwamba kinachoziharibu zaidi ni kukaa kuliko kufanya kazi. Ikishaondolewa kwenye orodha ya jeshi, mashine huegeshwa uwanjani kwa miaka, sili zikikauka, maji yakijikusanya chini ya tangi, na panya wakijitafunia nyaya ndani ya sanduku la swichi. Isitoshe, mita yenyewe hubadilishwa, na mita mpya haisemi lolote kuhusu injini ya zamani iliyofungwa nayo.

Kwa sababu hiyo sigusi marekebisho ya aina yoyote kabla mashine haijarudi katika hali iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Kwa vifaa vya jeshi la Marekani, ambavyo ndivyo ninavyovishughulikia zaidi, kitabu hicho hutambulika kwa herufi TM (technical manual, yaani kitabu cha ufundi), na namba za mwisho humwambia msomaji kimeandikiwa nani: 10 ni cha mwendeshaji, 20 ni cha fundi wa kikosi, 34 ni cha karakana, na herufi P inapoongezwa inamaanisha kuna orodha ya vipuri. Lori la M35 lina TM 9-2320-209. Ile 2320 ni kundi la malori ya magurudumu, kama 6115 ilivyo kundi la jenereta, na tarakimu hizohizo nne ndizo zinazoanza namba ya bohari yenye tarakimu 13 inayopewa kila kifaa. Kila kipuri nacho kina namba yake ya aina hiyo, na anayetafuta kwa namba hupata kinachoingia, ilhali anayetafuta "sili ya lori la jeshi" hupata chochote.

Kibati cha utambulisho nacho kisomwe kabla ya fedha kutolewa. MEP-803A na MEP-813A ni jenereta za kilowati 10 zinazofanana kwa umbo, rangi na milango, lakini ya kwanza hutoa umeme wa Hz 60, yaani unaogeuka mara 60 kwa sekunde, na ya pili hutoa wa Hz 400, uliokusudiwa vifaa maalumu vya kijeshi. Hakuna skrubu ya kuzungusha itakayoifanya hiyo ya pili iendeshe jokofu au pampu ya maji. Nimewahi kumpa mtu habari hiyo jenereta ikiwa tayari imeshushwa garini, na sitamani kurudia.

Nianze na lori, na katika lori nianze na breki, kwa kuwa hapo ndipo M35A2, toleo mojawapo la M35, ilipo hatari kuliko sehemu nyingine yoyote. Breki zake ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na zimejengwa kwa njia moja tu: masta silinda moja hupeleka presha kwenye magurudumu yote. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda ya gurudumu moja ikivuja, pedali huzama hadi sakafuni na lori zima halina breki. Masta silinda yenyewe imejificha chini ya sakafu ya dereva, na kuikagua mafuta kunahitaji kufungua kibati cha sakafuni, jambo ambalo wamiliki wengi hawalifanyi hata mara moja.

Nilipofungua lori moja mwaka uliopita, mafuta ya breki ya juu yalikuwa na rangi ya zambarau, dalili ya DOT 5, aina ya silikoni ambayo jeshi huitumia, lakini chini yake kulikuwa na uji wa kahawia. Mtu fulani alikuwa ameongeza DOT 3 ya kawaida juu ya silikoni. Aina hizi mbili hazichanganyiki. Silikoni hainyonyi maji, na hiyo ndiyo sifa yake kwa chombo kinachoegeshwa muda mrefu, lakini maji yakiingia kwa njia nyingine hutulia mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya silinda za magurudumu, na kuzila kwa kutu. Katika lori lile silinda nne kati ya sita zilikuwa na vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Hapo hakuna kusafisha. Ni kubadilisha silinda na mipira yote, kuosha mabomba kwa spiriti, kuyakausha kwa upepo, kisha kujaza aina moja ya mafuta na kuandika jina lake kwa rangi karibu na kifuniko.

Marekebisho ya kwanza ninayoyashauri, kabla ya turbo kubwa (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) wala matairi makubwa, ni kugawa mfumo huo uwe na njia mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa masta silinda yenye vyumba viwili. Ni kazi ya kupima na kuchomelea, na haionekani mtu akilipiga lori picha, na nadhani ndiyo maana si wengi wanaoitaka.

Rimu ni jambo fupi lakini la kufa na kupona. Gurudumu la tairi la 9.00-20 hufungwa kwa pete ya chuma inayojibana pembeni, na pete iliyokaa vibaya huruka kwa nguvu za kuua. Toa kwanza sindano ya valvu upepo uishe wote, ndipo uguse nati yoyote, na unapojaza upepo weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, nawe usimame mbali ukitumia mpira mrefu.

Injini ya M35A2 ni LDT-465, yenye silinda sita na ujazo wa lita 7.8, na sifa yake ya kutumia mafuta ya aina nyingi imewapotosha wengi. Iliundwa ili msafara usikwame vitani kwa kukosa dizeli, na haikuundwa iwe pipa la kumwagia oili chafu ya gereji. Petroli itaiendesha, lakini haina ulainisho ambao pampu ya injekta inauhitaji, na pampu hiyo ni ghali na mafundi wanaoielewa ni wachache. Mimi huweka dizeli safi na kubadilisha filta mapema kuliko kitabu kinavyotaka katika miezi ya kwanza, kwa sababu mafuta mapya hung'oa ute mweusi uliojijenga tangini na kuupeleka moja kwa moja kwenye filta.

Kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, vuta kebo ya kuzimia na uhakikishe mkono wa kwenye pampu unasogea. Injini hii haitegemei umeme ikishawaka. Kuzima swichi au hata kung'oa betri hakuisimamishi, na kebo iliyoganda kwa kutu hujulikana tu pale injini inapokimbia bila kudhibitiwa. Ama wale wanaotaka nguvu zaidi kwa kurekebisha pampu itoe mafuta mengi zaidi, ninawakubalia kwa sharti la kufunga kwanza kipimajoto cha moshi, mahali ambapo moshi haujafika kwenye turbo. Turbo ya injini hii iliwekwa hasa kupunguza moshi, na mafuta yanayozidi hewa iliyopo hugeuka joto linaloishia kwenye pistoni na gasketi.

Umeme ni wa volti 24, kutoka betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, na hapa kuna kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtu anataka redio ya gari, basi anachukua volti 12 kutoka betri moja. Alternata haioni betri mbili, inaona volti 28 za jumla tu. Betri inayoibiwa umeme hubaki na volti 12.6, kwa mfano, na mwenzake hulazimika kubeba 15.4, hivyo moja hufa kwa njaa na nyingine huchemka hadi maji yake yakauke. Funga kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, nawe utakuwa umemaliza.

Jenereta huumwa ugonjwa mwingine. Mwenye nyumba hununua ya kilowati 10 akaendesha taa, jokofu na televisheni, mzigo usiofika hata kilowati 2, na injini ya dizeli isiyopewa kazi haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yake yote. Mabaki hujipaka kwenye valvu na bomba la moshi, na baada ya muda utaona matone meusi mazito yakidondoka kwenye kiungo cha bomba, ambayo wengi huyadhania kuwa oili inayovuja. Kabla ya kufungua injini, mimi huzamisha vyuma vya kuchemshia maji ndani ya pipa na kupandisha mzigo taratibu hadi kilowati 8. Saa ya kwanza moshi hutisha, lakini kufikia saa ya tatu kwa kawaida huwa safi na sauti ya injini huwa imetulia. Baada ya hapo mwenyewe anunue jenereta ndogo, au awe anaipa mzigo wa maana kila mwezi.

Mahali penye umeme wa Hz 50, wateja huniomba nipunguze mwendo wa injini, ambao ndio unaoamua Hz, kutoka mizunguko 1,800 kwa dakika hadi 1,500. Inawezekana, lakini gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo, ni nusu tu ya kazi. Kidhibiti volti kikiachwa kama kilivyo kitajitahidi kurudisha volti za awali kwa kuongeza mkondo wa sumaku, na chuma cha jenereta kitapata joto kupita kiasi, kwa hiyo volti nazo zishuke kwa uwiano uleule wa tano kwa sita. Nguvu hushuka pia: kilowati 10 huwa takribani 8, na ikiwa vifaa vinataka volti zaidi ya hizo, transfoma iwekwe nje ya jenereta. Nikishamaliza, huandika mwendo mpya, volti mpya na kikomo kipya cha mzigo kwenye kibati cha alumini ninachokipigilia chini ya kile cha jeshi, kwani fundi atakayekuja baadaye atafungua TM, ataona 1,800, na atanyoosha mkono kwenye gavana.