Unamhusudu, au unaihusudu sauti yake?

Juzi kwenye daladala dereva aliweka wimbo wa Koffi Olomide, mwanamuziki wa Kongo. Abiria wa siti ya mbele akasema, "Huyu mzee namhusudu." Aliyekaa naye akamrukia: "Unamhusudu mtu anayepiga wanawake?" Wakazozana hadi kituoni. Ugomvi huu nimeusikia mara nyingi mno, na kila mara chanzo ni neno lenyewe.

Kuhusudu ni kupendezwa na alicho nacho mwenzio hadi ukatamani ungekuwa nacho wewe. Limetoka kwenye Kiarabu, hasada, kuona kijicho, ndiyo maana lina undugu wa damu na hasidi, yule wa kwenye khanga: "Hasidi hana sababu." Waarabu wametenga mambo mawili. Hasad ni kutaka neema imtoke mwenzio. Ghibta ni kuitamani neema kama yake huku ukimwombea abaki nayo. Sisi hiyo ghibta hatukuichukua. Mzigo wote tukamtwika kuhusudu, kwa hiyo neno moja linabeba kijicho na linabeba sifa.

Lakini liwe la kijicho au la sifa, husuda hufuata kitu. Anayehusudu shamba la jirani hahusudu kikohozi chake.

Sauti ile nzito ya Koffi, inavyoshuka hadi ikawa kama mtu anakunong'oneza sikioni, kisha magitaa ya sebene yakafunguka na kina mama wakaacha sahani zao wakainuka: hiyo naihusudu, tangu zamani. Teke alilomrushia mnenguaji wake, likaonekana kwenye video katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, Julai 2016, hata Kenya ikamtimua, silihusudu. Wala sebene halilifuti. Wanaomtetea kwa sababu anaimba vizuri wananiudhi kuliko wanaozima redio.

Tatizo liko kwenye herufi moja, ile -m-. Ukisema "namhusudu" umembeba mtu mzima, na teke lake ndani. Najua mtaani tunalisema tukikusudia kipaji tu, na sikatazi. Ila ndugu yangu wa siti ya mbele, nadhani ulitaka kusema "naihusudu sauti yake." Nawe uliyemrukia, ungemuuliza kwanza: unahusudu nini?