Maana ya bendera ya pulseaudio kwenye Gentoo

Mtu anatumia Gentoo, mmoja wa mifumo ya Linux. Ameachana na PulseAudio, sasa anatumia PipeWire; zote mbili ni programu za kusimamia sauti. Anafungua faili la mipangilio la /etc/portage/make.conf, anaandika USE="-pulseaudio" (alama ya kutoa huzima bendera, yaani swichi ya kujengea programu), anaiacha kompyuta ikompaili programu upya saa kadhaa, kisha anawasha wimbo. Kimya. Au sauti inatoka kwenye spika za ndani tu, na hedifoni za Bluetooth zimegoma. Kosa hili huwapata hata watu makini, maana jina la bendera lenyewe linapotosha.

Tuanzie kwenye seva ya sauti. Kadi ya sauti huendeshwa na ALSA, ambayo ni sehemu ya kerneli ya Linux. Programu inaweza kuongea na ALSA moja kwa moja na sauti ikatoka vizuri tu. Lakini ukitaka kupunguza sauti ya kivinjari bila kugusa ya muziki, au kuhamisha wimbo kutoka spika kwenda hedifoni bila kuukatiza, lazima pawe na msimamizi hapo katikati: anapokea sauti za programu zote, anazichanganya, anazipeleka panapotakiwa. Msimamizi huyo ndiye seva ya sauti. PulseAudio, iliyoanzishwa na Lennart Poettering mwaka 2004, ilishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Siku hizi mahali pengi kazi imekwenda kwa PipeWire ya Wim Taymans. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ilihamia huko katika toleo la 34, mwaka 2021.

Si kila kompyuta inahitaji msimamizi huyo. Mashine kongwe inayopiga redio tu inatosheka na ALSA, na studio ya muziki huenda ikapendelea JACK, seva ya sauti ya kazi za muziki. Kwa hiyo programu nyingi huandikwa zikiwa na msaada wa seva ya sauti kwa hiari: msimbo wake umo, ila unaweza kuingizwa au kuachwa nje programu inapojengwa. Kwenye Debian au Fedora uamuzi huo hufanywa na mtunza kifurushi, yaani anayeiandaa programu kwa ajili ya mfumo, nawe unapokea kilichokwisha kuiva. Gentoo hupika kwako. Inajenga programu kutoka kwenye msimbo chanzo, na uamuzi inakuachia wewe kupitia maneno mafupi yanayoitwa bendera za USE.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Jina PulseAudio limebeba vitu viwili: seva inayokaa macho muda wote, na libpulse, maktaba ndogo ambayo programu huitumia kuongea na seva. Debian huvigawa kuwa vifurushi viwili, pulseaudio na libpulse0. Gentoo nayo imevitenga: media-sound/pulseaudio-daemon ni seva, media-libs/libpulse ni maktaba. Bendera ya pulseaudio inahusu maktaba. Inachouliza ni kama programu hii ifundishwe lugha ya libpulse. Nani atakayeijibu kwa lugha hiyo ni suala jingine kabisa, na maelezo rasmi ya bendera yanasema wazi kwamba anaweza kuwa PulseAudio au PipeWire.

PipeWire hujibu kupitia kijiprogramu chake kiitwacho pipewire-pulse, kinachosikiliza palepale PulseAudio ilipokuwa ikisikiliza: /run/user/1000/pulse/native, kama namba yako ya mtumiaji ni 1000. Mlango ni uleule, bawabu ndiye mpya. Sasa yule aliyeandika -pulseaudio amezinyima programu zake lugha ya kubishia hodi. Kinachoipa PipeWire usukani wa sauti ni bendera nyingine, sound-server, iliyo kwenye kifurushi cha media-video/pipewire.

Ushahidi kwamba lugha na seva ni vitu mbalimbali ulionekana mwaka 2017, Firefox 52 ilipotoka na Mozilla ikaacha ALSA katika matoleo yake rasmi ya Linux. Waliokuwa hawataki seva yoyote walikimbilia apulse, maktaba inayojifanya libpulse huku ikipeleka sauti ALSA kimyakimya. Firefox iliongea lugha ya PulseAudio, na PulseAudio haikuwepo kwenye mashine.

Watunza vifurushi wana tatizo lao, nami naliona ndilo zito zaidi. Mfumo wa kujenga programu ukiachwa ujiamulie, hupekua mashine: ukikuta libpulse, unaiunganisha, usipoikuta, unaendelea bila kusema neno. Kesho mwenye mashine anaiondoa libpulse akidhani hakuna anayeihitaji, na programu inakataa kufunguka. Ndiyo sababu kifurushi kizuri hakimwachii Meson, mmoja wa mifumo hiyo ya kujenga programu, neno "auto" (jiamulie). Kinamwambia -Dpulse=enabled au -Dpulse=disabled kulingana na bendera, kila mradi kwa jina ulilolipa swichi hiyo, na kuandika libpulse kama tegemezi pale tu bendera ilipowashwa. Mtunza kifurushi anayepuuza hili anamdanganya mtumiaji, hata kama hakukusudia.

Kwa mtumiaji njia ni nyepesi. Iache pulseaudio ikiwa imewashwa kwa mfumo mzima, kisha uizime panapostahili ndani ya /etc/portage/package.use, kwa mfano:

media-video/mpv -pulseaudio

Ukishajenga upya, andika mpv --ao=help. Utaona orodha ya njia za sauti ambazo mpv hiyo inazijua. Pulse haitakuwemo, alsa itabaki kama nayo uliiwasha. Na ukitaka kumjua anayejibu mlangoni, andika pactl info, utafute mstari wa Server Name. Kwenye mashine yenye PipeWire husomeka "PulseAudio (on PipeWire" na namba ya toleo.