Amri ya Biashara kwa Wasio Raia Haimpi Mwananchi Mamlaka ya Kumfukuza Jirani

Tangu ilipotangazwa mwishoni mwa Julai 2025 amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini Tanzania, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani, imezuka dhana kwamba mwananchi yeyote sasa anaweza kumfungia mgeni duka. Hawezi.

Amri hiyo imetolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 101, na inazielekeza mamlaka za leseni zisitoe wala kuhuisha leseni za biashara hizo kwa asiye raia. Aliyekuwa na leseni hai aliruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe. Anayekiuka hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na hufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia, kwa mfano kwa kumwazima jina la leseni, naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kipengele hiki wanaolalamikia wageni hukitaja kwa nadra sana.

Mwenye shaka apeleke taarifa kwa ofisa biashara wa halmashauri au Uhamiaji, ambao ndio wenye kukagua nyaraka. Lafudhi si nyaraka. Mkazi wa Ngara, mkoani Kagera, anayezungumza Kihangaza, lugha iliyo karibu mno na Kirundi, ni Mtanzania, na suala hili lisingehitaji kuelezwa.

Kenya ililalamika mara moja kwamba amri inakiuka Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, ambayo inagusa pia haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara. Tofauti ya namna hiyo ina meza yake ya mazungumzo, lakini mazungumzo huwa magumu pale raia wa upande mmoja wanapotukanwa mitaani. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipowaondoa wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo Wanyarwanda walioishi huku miaka mingi, uhusiano wa Dodoma na Kigali ulikuwa tayari umechafuka kwa sababu nyingine, na uondoaji huo uliongeza uchungu. Miezi hiyohiyo Kenya, Uganda na Rwanda zilikutana kuhusu miradi ya pamoja bila Tanzania, hadi Rais Kikwete akalizungumzia bungeni mwezi Novemba.

Kwa hiyo izingatiwe kinachozuiwa hasa. Mnunuzi kutoka Nairobi haruhusiwi kununua vitunguu shambani Mang'ola, wilayani Karatu, lakini hakuna kinachomzuia kuvinunua kwa mfanyabiashara Mtanzania na kuvivusha mpaka wa Namanga kwa taratibu za kawaida. Vijana wakilizuia lori lake njiani kwa madai ya kutekeleza amri, wanaotenda kosa ni wao, na vitakavyooza ndani ya lori hilo vimelimwa Karatu.