Usonji: hakuna ubongo mmoja wa kuwapimia wote

"Huyu hawezi kuwa na usonji, mbona anaongea?" Dada yangu aliulizwa hivyo kwenye foleni ya kliniki, akaulizwa tena msibani. Mwanawe ana miaka saba. Hupanga vizibo vya soda barazani kwa rangi, na ukisogeza kimoja tu anajua. Blenda ikiunguruma kwa jirani, huziba masikio na kulia. Mtoto mwingine tunayemfahamu hasemi neno, lakini kelele ndiyo raha yake: hubandika shavu kwenye spika. Wote wawili wana usonji (autism), yaani ubongo uliokua kwa namna tofauti, unaogusa mawasiliano, tabia na hisi.

Dhana: Ubongo wao una waya zilizokatika.

Ukweli: Si rahisi hivyo. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwapima watu wakisoma sentensi ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo. Kwa wenye usonji, sehemu za ubongo hazikufanya kazi kwa pamoja kama za wenzao. Baadaye vipimo vingine vya watoto vikaonyesha kinyume: mawasiliano yaliyozidi kati ya sehemu za ubongo. Tena mwaka 2012 ilibainika kwamba kichwa kikitikisika kidogo tu, picha hudanganya. Miunganisho ya sehemu za ubongo zilizo mbali huonekana dhaifu na ya zilizo karibu huonekana imara. Na mtoto gani anayeteswa na kelele atatulia tuli ndani ya mashine inayogonga vile?

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 2015 wa Israel na Marekani. Kwa mwenye usonji mmoja miunganisho imezidi hapa na kupungua pale. Kwa mwingine ni kwingine kabisa. Hata wao kwa wao hawafanani.

Dhana: Mama ndiye aliyekosea malezi.

Ukweli: Hapana. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi una mchango mkubwa, na jeni zinazohusika ni nyingi. Akina mama wamebebeshwa lawama hii bure kwa miaka mingi.

Dhana: Akipigwa picha ya ubongo, usonji utaonekana.

Ukweli: Hautaonekana. Daktari anaweza kuagiza MRI kwa sababu nyingine, kama vile kifafa, lakini usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi. Kwa hiyo nenda na daftari: alianza kusema lini, sauti zipi zinamtesa, nini kinamtuliza. Dada yangu alijaza kurasa nne. Vizibo vya soda viko ukurasa wa kwanza.