Mafuta ya karafuu na jino linalouma: maswali na majibu

Je, ni kweli mafuta ya karafuu hutuliza jino?

Ni kweli. Kazi hiyo hufanywa na eujenoli, kemikali iliyo nyingi kuliko nyingine zote ndani ya mafuta haya, na ndiyo inayoyapa harufu yake. Ikigusa neva, huzizuia kupeleka taarifa ya maumivu, na mahali pale hufa ganzi kwa muda. Mwaka 2006 watafiti nchini Kuwait waliwapaka watu jeli ya karafuu ndani ya mdomo kabla ya kuwachoma sindano. Ilipunguza maumivu karibu sawa na jeli ya benzokaini, ambayo ni dawa ya ganzi ya kawaida. Hata madaktari wa meno huchanganya eujenoli na zinki oksaidi kupata kijazio cha kuziba jino kwa muda.

Lakini ganzi si tiba. Maumivu yakiisha, shimo bado lipo na bakteria bado wanaendelea kula jino. Nimeona watu wakitembea na kichupa mfukoni miezi mizima, na siku walipofika kwa daktari jino lilikuwa la kung'olewa, wakati mwanzoni lingezibwa tu. Yatumie kukuvusha usiku, asubuhi uende ukatazamwe. Ukiwa na homa, shavu limevimba, au unashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri asubuhi.

Niyatumieje?

Changanya matone mawili na kijiko cha chai cha mafuta ya kula, chovya pamba kidogo, ikamue, kisha iweke juu ya jino kwa dakika chache. Mate yateme, usimeze. Usidondoshe mafuta matupu kwenye ufizi: huunguza, na kidonda chake kinaweza kuuma kuliko jino lenyewe. Kwa ngozi punguza zaidi, tone moja kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta, na uyajaribu kwenye eneo dogo kwanza, kwa kuwa wapo wanaopata mzio wa eujenoli.

Mtoto anayeota meno je?

Hapana. Hili naomba lishikwe kuliko yote. Mtoto mdogo akimeza mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibikiwa ini. Madhara hayo kwenye ini yanafanana na ya mtu aliyezidisha parasetamoli, na hata dawa inayotumika hospitalini kuyatibu ni ileile, asetilisisteini. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kichupa, hata kama anaonekana mzima, maana ini huweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili.

Nitajuaje kama ni mafuta mazuri?

Anza na lebo. Mkarafuu, *Syzygium aromaticum*, hutoa mafuta ya aina tatu: ya karafuu zenyewe, ya majani, na ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Yote hupatikana kwa mvuke, na yote ni halali, ila hayafanani. Ya majani na makonyo ni rahisi kuzalisha na kwa kawaida ni makali zaidi. Ya karafuu zenyewe ni laini kidogo: kiwango cha Ulaya cha mafuta ya dawa kinataka eujenoli iwe kati ya asilimia 75 na 88, pamoja na asetati yake, yaani kemikali ya jamii yake, asilimia 4 hadi 15. Kichupa kilichoandikwa "mafuta ya karafuu" tu, bila jina la kisayansi wala sehemu ya mti, hakijakwambia ulichonunua.

Pia kuna karafuu zilizolowekwa kwenye mafuta ya kula. Hayo ni mafuta mengine kabisa, mepesi mno kwa kazi ya jino.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone lake huelekea kuzama. Likielea na kutanda juu kama mafuta ya kupikia, shuku kuwa yamechanganywa. Lakini likizama usishangilie bado, kwa sababu eujenoli ya kiwandani nayo huzama. Uthibitisho kamili hutoka maabara, na muuzaji makini huwa na cheti cha vipimo anachoweza kukuonyesha.

Nani mwingine asiyatumie?

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, na anayekaribia kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa eujenoli hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mjamzito amuulize daktari kwanza.

Yahifadhiwe wapi?

Kwenye chupa ya kioo cha rangi nyeusi au kahawia, mbali na joto na mikono ya watoto. Usiyamimine kwenye plastiki, kwani eujenoli huyeyusha baadhi ya plastiki. Kuwa ya kahawia kidogo kadiri siku zinavyopita ni kawaida. Yakiwa mazito na kunata kama utomvu, yatupe.