Ruzuku ya ushindani ni nini?

Ruzuku ni fedha inayotolewa na serikali au mfuko fulani kwa kazi maalumu, na mpokeaji hadaiwi kuirudisha. Baadhi hugawanywa kwa hesabu iliyokwisha kupangwa: shule yenye wanafunzi wengi hupata zaidi, basi. Ruzuku ya ushindani haiendi hivyo. Mfadhili hutangaza kiasi alichonacho, vigezo na tarehe ya mwisho. Wanaoitaka huleta maandiko ya miradi, nayo hushindanishwa. Aliyeshindwa haambulii kitu, hata kama shida yake ni kubwa kuliko ya mshindi.

Maandiko hupitiwa na jopo linalotoa alama. Kwenye utafiti, wanajopo huwa ni wanasayansi wa fani hiyohiyo. Katika NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, alama ni 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora (mgeni akiiona 9 asishangilie).

Jambo la kushika ni kwamba jopo hupima kilichoandikwa. Mwaka 2009 serikali ya shirikisho ya Marekani ilitenga dola bilioni 4.35 za mageuzi ya elimu, mpango ulioitwa Race to the Top, na majimbo yakatakiwa kuzishindania kwa alama 500. Delaware na Tennessee zilishinda raundi ya kwanza. Raundi ya pili, mwaka 2010, New Jersey ilikuwa inawania dola milioni 400. Kipengele kimoja kilitaka bajeti ya elimu ya 2008 ilinganishwe na ya 2009. Jimbo likajaza takwimu za miaka mingine. Kosa hilo liliondoa karibu alama 5, na New Jersey ikakosa ushindi kwa alama 3 hivi. Shule zake zilikuwa zilezile, ukurasa mmoja tu ndio uliokosewa.

Hata hivyo mfadhili alivuna zaidi ya alicholipia, maana majimbo kadhaa yalibadili sheria zao ili yapate alama, yakiwemo yaliyotoka mikono mitupu. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo nguvu ya ruzuku hizi, na pia hatari yake: anayeandika vigezo huelekeza hata wale asiowapa fedha.

Lawama nyingine inajulikana. Chuo kikubwa chenye ofisi nzima ya kuandaa maandiko hukutana na kidogo ambacho mwalimu mmoja huandika usiku baada ya vipindi, na mshindi wa leo huingia shindano la kesho akiwa na sifa ya ziada. Wapo wanaojaribu njia nyingine: Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand, kwa aina moja ya ruzuku zake, huchuja maandiko yanayofaa kisha hupiga kura ya bahati.

Ukishinda, unasaini mkataba. Fedha mara nyingi huja kwa awamu, awamu inayofuata ikisubiri taarifa ya utekelezaji, na fungu la vifaa halihamishiwi kwenye posho bila kibali. Wafadhili wengine hudai uchangie sehemu ya gharama. Kisha muda wa mradi huisha. Kama ruzuku ya miaka mitatu ndiyo inayomlipa mwalimu, andiko linapaswa kueleza nani atamlipa mwaka wa nne, na majopo mengi hutafuta jibu hilo.