Huo wekundu wa ramani si moshi unaouvuta

Agosti imefika, na picha ileile ya ramani ya moshi kutoka setilaiti imenirudia. Safari hii imetoka kwa mama mmoja wa Lubumbashi: "Mwalimu, Katanga yote ni nyekundu, niwafungie watoto ndani?" Ana haki ya kuuliza. Wanaonichosha ni wale wanaosambaza picha hizo bila kusema wekundu ni wa nini.

Ile ni fahirisi ya erosoli, yaani kipimo cha chembe za moshi na vumbi hewani, ya TROPOMI, kifaa cha setilaiti ya Sentinel-5P. Hupimwa kwa mionzi ya urujuanimno: hewa safi huitawanya na kuirudisha juu, moshi huinyonya. Sasa tulia hapa. Moshi ukilala chini, hewa iliyo chini yake ni kidogo, hauna mwanga mwingi wa kuzima, na ramani inapauka. Moshi huohuo ukipanda kilomita nne, unazima mwanga wa hewa yote iliyo chini yake, na ramani inaiva. Moshi haukuongezeka, umepanda tu. Rangi moja inabeba wingi na kimo kwa pamoja, na watu wanasoma wingi peke yake!

Kimo ndicho kila kitu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, moshi wa nyasi zinazochomwa kusini mwa Kongo, Angola na Zambia husukumwa na upepo wa juu hadi Atlantiki, ukaelea juu ya mawingu. Ndege za utafiti za NASA ziliufuata kutoka Walvis Bay, Namibia, mwaka 2016, kisha kutoka kisiwa cha São Tomé mwaka 2017 na 2018. Kuna mahali moshi uligusa mawingu, kwingine palikuwa na mwanya kati yao.

Leza ya setilaiti ya CALIPSO ilipima vimo hivyo tangu 2006 hadi 2023, na wapo wanaoichukulia kama neno la mwisho. Mimi siichukulii hivyo. Ndani ya moshi mzito mwanga wake huisha nguvu kabla ya kufika chini, hivyo kitako cha tabaka huandikwa juu kuliko kilipo.



Mama, Sentinel-5P hupita karibu saa saba na nusu mchana. Kufikia saa hiyo, moshi wa makala na nyasi uliolala mtaani alfajiri, jua limeshautawanya, na ramani haiuoni. Usipoona mwisho wa barabara asubuhi, wabakize watoto ndani, hata kama ramani ya jana ilikuwa nyeupe.